Nililishwa Kabla ya Kutii

Nilizaliwa Pweto, upande wa Kongo, mahali Ziwa Mweru linapotoa maji yake kwenda mto Luvua. Mama alinilea kwa Kiswahili na kwa Biblia. Bibi mzaa mama alikulia Luanza, kwenye misheni ambayo Dan Crawford aliianzisha miaka ya 1890 na ambako alifia mwaka 1926, baada ya kutumia sehemu kubwa ya umri wake kutafsiri Maandiko kwa lugha ya wenyeji. Kwa hiyo nyumbani kwetu Ibrahimu, Musa na Danieli walizungumzwa jioni kama jamaa waliohamia mbali. Sikumbuki ni lini nilianza kuamini kwamba Mungu yupo. Lakini nakumbuka vizuri ni lini nilianza kumtii, kwa sababu nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, na mwalimu wa shule ya Jumapili.

Desemba 2000 vita viliifikia Pweto. Tulivuka kuingia Zambia pamoja na maelfu ya watu, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu, tukapelekwa kambi ya Mwange, Mporokoso. Ujana wangu uliishia huko, kwenye foleni ya mgao. Kambi ilipofungwa mwaka 2010 watu wengi walikuwa wamekwisha kurudi Kongo. Mimi nilikuwa nimeolewa na mvuvi wa Mununga, nikabaki kando ya ziwa lilelile, ufuo wa pili.

Mununga iko kwenye ufuo wa mashariki, kaskazini mwa Kashikishi, kwenye njia ya kwenda Chiengi. Watu wanaishi kwa mihogo na samaki, na fedha zote zinatoka kwa samaki. Mahitaji ya shule ni samaki, bati la nyumba ni samaki, sadaka ya Jumapili ni samaki. Mume wangu alikuwa na mtumbwi na nyavu, nami nikawa mchuuzi. Nilinunua kwake na kwa wenzake, nikakausha, nikafunga kwenye matenga, nikapeleka Kashikishi, na mwaka ukiwa mzuri nikafika mpaka soko la Kasumbalesa. Tulisali Kibemba kama kila mtu, ila nyumbani nilisoma Biblia ya Kiswahili ya mama yangu.

Lazima nieleze jambo la kufungwa kwa ziwa, maana bila hilo ushuhuda huu hautaeleweka. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazae. Huo ndio wakati wa mvua. Perege wa Mweru dume huchimba tundu kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai yake mdomoni na kuyatunza humo hata yaanguliwe na watoto waweze kuogelea wenyewe. Ukimvua jike wakati huo, umevua kizazi chote kilichomo kinywani mwake. Wazee wanao mfano wa zamani zaidi. Wanamtaja mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi mvua zinapoanza ili akatage. Miaka ya 1940, wakati migodi ya Katanga ilikuwa na njaa ya samaki, watu walimtega kwa nyavu katika safari ileile ya kutaga, mwaka baada ya mwaka, mpaka uvuvi wake ukafa. Hakuna aliyeulinda uzazi wake, na wajukuu wa wavuvi wale wanamjua kwa jina tu.

Mimi niliyajua haya yote, na miezi hiyo nilinunua samaki. Kilichokuwa kibaya zaidi ni namna nilivyonunua. Kuanzia Novemba niliwakopesha vijana fedha, na wao wakanilipa kwa samaki wa Desemba na Januari. Waliingia usiku kwenye mabwawa na maji mafupi, wakazungusha nyavu, wakapiga maji kwa miti ili samaki wakimbilie ndani. Uvuvi huo tunauita kutumpula, na umekatazwa hata ziwa likiwa wazi. Kijana aliyeogopa doria akitaka kulala nyumbani hakuweza, kwa sababu alikuwa amekwisha kula fedha zangu. Mimi sikuwahi kuingia majini usiku. Nilikaa jikoni kwangu nikisubiri, na alfajiri nilipasua samaki kwa mwanga wa tochi. Majike wakishikwa huyatema mayai, lakini si yote. Mara nyingi nilikuta midomo imejaa, mayai ya njano au vitoto vyenye macho. Nilivikung'utia mchangani, kuku wakala.

Jumapili nilifundisha watoto. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa Mwanzo 22, Ibrahimu akipanda mlima na Isaka. Nililifundisha kwa machozi ya kweli. Niliwaambia watoto kwamba siku moja Mungu anaweza kumtaka mtu kile anachokipenda kuliko vyote, na kwamba lazima tuwe tayari. Na mimi nilijiona tayari. Nilikuwa nimepita vita, nimepita kambi, nimemzika mtoto mchanga bila kumlaumu Mungu. Ningeulizwa kuhusu imani yangu, ningetaja hayo. Niliuangalia mlima kwa mbali na kumwambia Bwana kwamba akiniita nitapanda.

Kuhusu samaki, nilikuwa na majibu. Nilisema wavuvi wa upande wa Kongo wanaendelea kuvua tunapozuiwa sisi, na mara nyingi ilikuwa kweli. Nilisema ziwa ni la Mungu, na serikali ilikuja baadaye. Nilisema watoto hawawezi kula sheria. Sidharau majibu hayo hata leo. Yupo mtu wa Mununga anayetega ndoana mbili Januari kwa sababu unga umekwisha kabisa, na mimi sina neno la kumwambia mtu huyo isipokuwa kumpa unga. Lakini mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa na akiba, nilikuwa na shamba la mihogo, na bei ya samaki ikipanda wakati ziwa limefungwa ndipo nilipopata faida kubwa ya mwaka. Nilitumia njaa ya jirani yangu kama kibali cha biashara yangu. Na sikuona. Nasema kweli mbele za Mungu kwamba sikuona, ingawa mayai yalikuwa mikononi mwangu.

Mwaka 2017 vita vilianza tena upande wa Kongo, huko Haut-Katanga na Tanganyika, na watu wakavuka kama tulivyovuka sisi. Januari 2018 serikali na UNHCR wakafungua makazi ya Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, ndani kidogo kutoka ziwani. Nilipowasikia wakiongea barabarani nilisimama, maana ilikuwa lafudhi ya mama yangu. Lakini, Bwana anisamehe, wazo lililofuata lilikuwa la soko. Watu wale wanajua samaki, nami najua lugha yao.

Kwa hiyo Januari 2019, ziwa likiwa limefungwa, nilikwenda Mantapala na samaki waliokaushwa chini ya magunia ya mihogo. Nilifika nikiwa tayari najisikia vibaya. Nchelenge ni mahali pa malaria mwaka mzima, na kwetu mtu akiumwa kichwa wakati wa mvua haulizi ni nini. Nilianza kuzunguka na tenga langu kati ya nyumba za udongo na maturubai, na kwenye nyumba ya bibi mmoja nikakaa chini nisiweze kusimama.

Alinikaribisha kwa Kiswahili, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia Pweto alishika mkono wangu. Yeye alitoka vijiji vya njia ya Moba. Baadaye nilijua kwamba wanawe wengine hawakuvuka, lakini hakulisema hilo siku ile. Aliangalia tenga, akauliza kwa upole, "Mwanangu, samaki hawa wamevuliwa lini?"

Nikamwambia Novemba.

Hakujibu. Alikuwa amekulia ziwani kama mimi, na samaki wa Novemba na samaki wa juzi hawanuki sawa. Akaingia ndani, akatoka na unga wa mgao wake, akanikorogea uji. Mjukuu wake alinipeleka kliniki ya makazi, wakanipima, nikapewa dawa. Nililala kwenye mkeka wake mpaka homa ilipoachia. Alikuwa na mgao wa mtu mmoja na mtoto mmoja: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Mimi niliyekulia Mwange nilijua hasa kila kikombe cha uji nilichokunywa kilitoka wapi na siku gani ya mwisho wa mwezi kingekosekana. Nilimwambia achukue samaki, wote akitaka. Akasema, "Hao waache kwanza, mama. Kunywa."

Macho yake yalikuwa hafifu, na jioni aliniomba nimsomee. Alikuwa amefika Kutoka sura ya 16 na msomaji wake wa kawaida, kijana wa kanisa lao, alikuwa amesafiri. Nilisoma. Wana wa Israeli wako jangwani, mwezi wa pili tu tangu watolewe Misri, na wanawanung'unikia Musa na Haruni. Wanakumbuka masufuria ya nyama ya utumwani. Ndipo Bwana anamwambia Musa kwamba atawanyeshea mkate kutoka mbinguni, na kwamba watu watatoka kila siku kuokota sehemu ya siku hiyo, ili awajaribu aone kama watakwenda katika sheria yake au la.

Bibi akanisimamisha. Akasema nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza, "Hawa watu walikuwa wamefanya jema gani, hata wakapewa chakula?"

Nilitazama ukurasa nikitafuta. Nikasema, "Hawakufanya. Walikuwa wananung'unika."

"Basi endelea."

Nikaendelea. Wakaokota, huyu nyingi na yule kidogo, na walipopima aliyeokota nyingi hakuzidiwa wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Musa akawaambia wasibakize mpaka asubuhi. Wengine wakabakiza, na ikaingia mabuu na kunuka. Siku ya sita wakapewa ya siku mbili ili siku ya saba wapumzike. Na siku ya saba, pamoja na hayo yote, wengine walitoka kuokota, wasipate kitu. Sauti yangu ilikwama hapo. Bibi hakusema lolote. Alidhani pengine ni homa.

Nilikuwa nimeisoma sura hiyo tangu utoto na kuiona hadithi ya muujiza wa mkate. Usiku ule niliona neno la kujaribu limeandikwa wazi, na jaribu lenyewe halina mlima, halina kisu, halina moto. Mungu aliwapima kwa chakula cha kila siku. Okota hapa, hapa usiokote. Siku hii ni yenu, siku hii iacheni. Ni jambo dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulivunja huku akijiona yuko tayari kumtoa Isaka. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inasema tena jambo hilohilo, kwamba njaa na mana vilikuja ili kilichomo moyoni kijulikane. Na Bwana Yesu mwenyewe, alipokuwa na njaa nyikani, alijaribiwa kwanza kwa habari ya mkate, naye akamjibu Shetani kwa maneno ya sura hiyo. Jaribu la kwanza la Mwana wa Mungu lilikuwa la tumbo. Mimi nilikuwa nalisubiri langu mlimani, na lilikuwa linanijia kila tarehe 1 Desemba.

Lakini si hilo lililonivunja. Hofu ingetosha kunionyesha kosa, na hofu ingeniacha baada ya wiki. Kilichonivunja ni swali la bibi. Walikuwa wamefanya jema gani? Mimi nilikuwa nimemdanganya mwanamke huyu usoni, naye alijua, kisha akanilisha mgao wake. Hakusubiri nitubu ndipo akoroge uji. Nilikuwa nimelala nimeshiba unga nisiostahili, nikisoma kwa mdomo wangu habari za watu walioshiba mkate wasioustahili, na amri ikaja baada ya mkate. Hata Amri Kumi zinakuja sura nne baadaye, bahari ikiwa imekwisha kuvukwa. Maisha yangu yote nilidhani mtu anatii ili Mungu ampe. Nilikuwa namlipa Mungu kwa machozi ya shule ya Jumapili na kutegemea faida ya samaki iwe ndiyo baraka.

Nililia. Kisha nikamwambia kwamba samaki ni wa Januari. Akasema, "Najua, mwanangu." Asubuhi aliniombea sala fupi, akanipa na kiporo cha uji kwa njia. Samaki niliwakabidhi kwa wazee wa kanisa lao wawape wagonjwa, nikawaeleza samaki wametoka wapi. Sina hakika kama nilifanya sawa; pengine ningewapeleka kwa watu wa idara ya uvuvi. Ndivyo nilivyoweza siku ile.

Kama msomaji wangu ametegemea kwamba tangu hapo mambo yalinyooka, namwomba anivumilie.

Nilirudi Mununga nikawaita vijana niliowadai na kuwaambia wasiende tena usiku kwa ajili yangu. Walipe Machi, na asiyeweza basi. Mmoja alifurahi waziwazi. Mwingine alikasirika, maana alikuwa anategemea mkopo mwingine. Wachuuzi wenzangu walisema Mantapala nimelishwa dawa. Mume wangu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: tutakula nini? Nilikuwa na aya nyingi za kumjibu, nikashindwa kutoa hata moja, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki.

Baadaye nililikuta swali hilo ndani ya Biblia yenyewe. Walawi 25, Mungu anapoagiza nchi ipumzishwe mwaka wa saba, watu wasipande wala wasivune, yeye mwenyewe anataja kwamba watauliza: mwaka huo tutakula nini? Hawakemei kwa kuuliza. Anawaahidi kwamba ataiamuru baraka yake mwaka wa sita. Aya hiyo ilinipa ruhusa ya kuogopa na kutii kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo nilidhani anayeogopa hana imani.

Desemba 2019 ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kuuacha uchuuzi tangu mwanzo wa kufungwa hadi mwisho. Niliuza vitumbua asubuhi. Nilikwenda porini na wanawake wengine kutafuta uyoga. Tulikula mihogo na majani yake mpaka watoto wakasusa. Nilishindwa kutoa zamu yangu ya chilimba, mchezo wetu wa kupeana fedha, na kwa mwanamke wa Luapula hiyo ni aibu kubwa, kwa sababu mwenzako aliyekuwa apokee mwezi huo ameumia kwa ajili yako. Usiku nilisikia makasia. Nilijua kila sauti ni ya mtumbwi wa nani, na nilijua samaki wale watalala jikoni kwa nani. Kuna usiku nilivaa kanga nikafika mlangoni na fedha mkononi. Sitasema nilirudi kwa nguvu za imani. Nilirudi kwa sababu mtoto aliamka akaniita. Sijui hata leo kama ningetoka, na namshukuru Mungu kwa mtoto yule.

Katika yote hayo nilijipa moyo kwa tarehe 1 Machi. Nilikuwa nimejiwekea, bila kumwambia mtu, kwamba Machi itakuwa jibu. Nyavu zitajaa, kama zile za Simoni Petro katika Luka sura ya 5, aliyefanya kazi usiku kucha bila kupata kitu, kisha akazishusha kwa neno la Bwana. Machi 2020 ziwa likafunguliwa. Samaki walikuwa wa kawaida. Mwezi huohuo korona ikaingia Zambia, soko la Kasumbalesa likayumba, na samaki niliowakausha nikawauza kwa bei ya kuokoa gharama.

Hapo ndipo nilipojaribiwa kweli, kuliko Desemba. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika. Nikakaa majuma bila kusoma. Niliporudi nilirudi kwa Danieli sura ya 3, kwa wale vijana watatu mbele ya tanuru ya Nebukadneza. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataiabudu sanamu. Nilikuwa nimeifundisha sehemu ya kwanza kwa watoto mara nyingi na kuipita ya pili haraka. Wao walisema hivyo wakiwa bado nje ya moto, bila kujua wa nne atakuwepo ndani. Nikaona kwamba Machi yangu ilikuwa biashara ileile ya kukopesha: nilikuwa nimemkopesha Mungu Desemba, Januari na Februari, na nilitaka anilipe kwa samaki.

Nimerudi kwa Ibrahimu pia. Ninamfundisha tofauti sasa. Zamani nilianzia mlimani. Sasa naanzia Mwanzo 12, mzee anaitwa kutoka kwao hajafanya lolote, anaahidiwa. Sura ya 15 anaamini, anahesabiwa haki. Sura ya 21 anapewa Isaka wakati yeye na Sara wamekwisha kuzeeka. Ndipo inakuja ya 22. Isaka alitolewa kama zawadi kabla hajatakiwa kama sadaka, na Waebrania sura ya 11 inasema Ibrahimu alihesabu kwamba Mungu aweza kumfufua hata kutoka kwa wafu. Mtu anahesabu hivyo akiwa amekwisha kumwona Mungu akitoa uhai mahali pasipo na uhai. Yakobo naye anasema imani ya Ibrahimu ilitenda kazi pamoja na matendo yake. Na ninasema hili kwa uzito: sipendi kusikia mhubiri akiichukua sura hiyo na kuwadai wajane wa kijijini watoe "Isaka" wao ndani ya bahasha. Pale mlimani Mungu alimrudisha mtoto na kutoa kondoo dume yeye mwenyewe. Anayeisoma sura ile kisha akaondoka na kondoo wa maskini hajaisoma.

Vijana wawili kati ya wale niliowakopesha wanauza mihogo sasa wakati ziwa limefungwa. Mmoja bado anavua usiku, kwa fedha za mtu mwingine, na tukikutana anainamisha macho, nami sitaki ainamishe. Kila Desemba tunakutana wanawake wachache wa kanisa letu na kuchanganya unga, ili mama aliyeishiwa asilazimike kwenda kwa mkopeshaji. Ni unga kidogo, na mwaka jana ulikwisha mapema. Bibi wa Mantapala nilimtembelea tena na mihogo yangu mwenyewe, akaipokea, na safari hii alinisomesha Ruthu.

Wewe unayesoma haya, pengine hujawahi kuuona Mweru na hununui samaki. Lakini kama kuna siku ya saba ambayo unatoka kuokota, huku ukiendelea kuupenda wimbo wa kanisani na kulia kwa kweli unapoomba, mimi nimekaa hapo miaka mingi. Sikuhukumu. Angalia tu mkononi mwako kuna chakula gani ambacho umekwisha kupewa kabla hujatii lolote, na aliyekupa ni nani.

Mume wangu bado hajaamua. Desemba iliyopita alikaa nyumbani mwezi mzima na kunisaidia kwenye shamba la mihogo. Januari alitoka usiku mara kadhaa. Samaki aliowaleta sikuwauza, naye hakunilazimisha. Aliwapeleka mwenyewe kwa mchuuzi mwingine, na fedha akanunulia watoto madaftari. Katika madaftari hayo wanaandika. Sijui niseme nini juu ya jambo hilo, na nimeacha kumsema. Jioni tunasoma pamoja, yeye anasikiliza, na tumefika Kutoka sura ya 14. Naomba mniombee, mimi na yeye.